Mtaalamu wa Kupumzisha Wazazi

Cleophace Mutayoba alikuwa amesimama kivulini ng'ambo ya barabara, akila karanga mojamoja kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote, pale alipomwona mwanamke aliyelala wima.

Foleni ilikuwa ya sukari. Duka la ushirika la Mabatini, mjini Mwanza, lilikuwa limekaa muda mrefu bila sukari, na asubuhi ile uvumi ulikuwa umepita nyumba hadi nyumba kwamba lori limeonekana. Wenye nafasi walipanga mstari wenyewe. Wenye shughuli waliacha mawe yao yawashikie zamu, jiwe la huyu hapa, tofali la yule pale, na kila jiwe likaheshimiwa kama mwenyewe. Katikati ya jiwe moja kubwa na mzee mwenye kofia, mwanamke mwenye kikapu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mgongo wa yule mzee, macho yamefumba. Mzee aliposogea, naye alisogea. Miguu ilitembea yenyewe na usingizi haukukatika.

Cleophace akaacha kutafuna.

Alikuwa ameuza vitu vingi katika maisha yake. Aliwahi kuuza nafasi za kazi katika kiwanda ambacho kilikuwa hakijajengwa. Aliwahi kuwauzia wafugaji wa Kisesa dawa ya kuwafanya ng'ombe wapende maji, na hakuna ng'ombe wa Kisesa aliyewahi kuyakataa. Lakini alikuwa hajawahi kuuza kitu ambacho watu walikihitaji kweli. Watu hawa walidhani wamekosa sukari. Kumbe walichokosa ni usingizi, na usingizi hauletwi na lori.

Akavuka barabara, akinyoosha kola ya suti yake ya Kaunda.

"Pole, dada," alisema.

Mwanamke alifumbua macho. "Pole ya nini?"

"Ya kuchoka."

"Sijachoka. Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unakoroma ukifikiri."

Mzee mwenye kofia alisema bila kugeuka kwamba hilo ni kweli, tena mgongo wake umelowa.

Mwanamke aliitwa Leonsia, mwalimu wa darasa la pili na mama wa watoto sita. Mumewe, Josephat, alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo na kulala mchana, kwa hiyo wawili hao walikutana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, kama walinzi wanaopokezana geti. Leonsia alichota maji, akapika uji, akavalisha watoto wake, akafundisha watoto wa wenzake, akasahihisha madaftari, akapanga foleni, akapika tena. Cleophace alipomuuliza ni lini mara ya mwisho alikaa chini bila kushika kitu mkononi, safari hii alifikiri kwelikweli, na hakukumbuka.

"Sasa mwalimu, unajitunza vipi?" Cleophace aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani.

"Kivipi?"

"Wewe mwenyewe. Shingo, mgongo, miguu."

"Miguu inanifikisha ninakokwenda," alisema Leonsia. "Sijawahi kuiuliza hali."

Cleophace alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Moyoni alikuwa anatafuta chumba cha kupanga.

Alikipata hukohuko Mabatini, kwenye mawe ya mlimani, chumba kirefu kilichowahi kuwa ghala la pamba. Akatundika kibao: KITUO CHA KUPUMZISHA WAZAZI. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: MZAZI ALIYEPUMZIKA NI JEMBE LA TAIFA. Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe, lakini yalifanana sana na ya serikali, hata katibu wa kata alipopita aliyasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na safari yake akidhani ameyasikia mkutanoni.

Koti jeupe alilitoa kwa mwuza nyama na kulifua mpaka damu ikabaki kumbukumbu. Elimu yake, alisema, aliipata Bulgaria. Aliichagua Bulgaria kwa sababu alikuwa hajawahi kukutana na mtu aliyetoka huko, na kwa sababu ilikuwa nchi rafiki, hivyo kuitilia shaka kungeonekana kama siasa mbaya. Leonsia, ambaye kwao ni Bukoba, lilikotoka jina la Mutayoba, alipomuuliza ni Mutayoba wa ukoo upi, Cleophace alijibu haraka kwamba amekaa Bulgaria muda mrefu mno na mambo ya ukoo yamemtoka.

Tiba ilikuwa hivi. Mzazi aliingia, akavua viatu, akatia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi ya Kibulgaria, ambayo ilikuwa magadi ya sokoni. Baada ya hapo alichuliwa shingo na mabega kwa mafuta ya kitaalamu, yaani mafuta ya mbegu za pamba yaliyochemshwa na mchaichai. Mwisho alilazwa kwenye mkeka, miguu imeinuliwa juu ya mfuko wa pumba, na mtaalamu akamwongoza taratibu kutoka kwenye kiti chake.

"Vuta pumzi. Ishikilie. Iachie. Usifikirie ugali. Nimesema usifikirie ugali, mama, nakuona."

Hakuna aliyefika mbali na pumzi hizo. Walilala kama magogo, na Cleophace akatoka nje kuchokoa meno. Watoto walikatazwa kabisa kukanyaga pale.

Hapa lazima tumtendee haki, maana hata tapeli anastahili haki: tiba ilifanya kazi. Kina mama walirudi nyumbani wakiweza kugeuza shingo. Kina baba waliokuja kwa aibu, wakisema wamesindikiza tu, waliamka wakiomba radhi kwa kukoroma. Mume mmoja alipokewa na mkewe kwa tabasamu, akakaa siku nzima akijiuliza amefumaniwa na nini. Kama Cleophace angekuwa mtu wa kuridhika, hadithi ingeishia hapo na angekufa mzee anayeheshimiwa.

Lakini kulikuwa na malipo. Fedha hakutaka hata kuiona. Alisema fedha ni tabia ya kibepari. Alichotaka ni mchango wa hiari, na mchango wa hiari ulikuwa wa lazima: sukari kidogo, kipande cha sabuni, chupa ya mafuta, betri, kitenge. Vyote vilikuwa havipatikani madukani, na vyote viliishia nyuma ya pazia la kaniki mwishoni mwa chumba. Huko Cleophace aliviangalia kila jioni jinsi wengine wanavyoangalia ng'ombe wakirudi zizini. Lori la rafiki yake lilikuwa likisubiriwa. Vitu vile vikifika Shinyanga vingeuzwa kwa bei ya ulanguzi, naye angehama mji kabla chumvi ya Kibulgaria haijapoa.

"Hii ilikuwa ya uji wa watoto," alisema Leonsia siku moja, akimpa sukari iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari.

"Watoto wanahitaji mama mwenye mgongo kuliko uji mtamu," alisema Cleophace, akaipokea kwa mikono miwili.

Jirani yake Leonsia, Mhoja, mchuuzi wa samaki ambaye r na l kwake zilipokezana zamu, alitoa sabuni yake ya mwisho. "Mtaaramu," alisema, "sasa nitafua na nini?"

"Mama Mhoja, wewe hutakiwi kufua. Hutakiwi kubeba. Hutakiwi kuinama. Ukirudi nyumbani kaa mlangoni, inua miguu juu ya kigoda, waache wengine wahangaike."

"Wengine wepi?"

Swali hilo Bulgaria hawakuwa wamelifundisha.

Mteja wake mkubwa, hata hivyo, alikuja kwa mlango wa nyuma. Alikuwa Ndalahwa, meneja wa duka la ushirika, baba wa watoto tisa, mtu mwenye tumbo la mbele na malalamiko ya kiuno. Naye alikuwa amechoka kweli. Kufungua mlango wa nyuma wa duka kila sukari inapofika, kisha kukimbilia mlango wa mbele kuwaeleza wananchi kwa uchungu kwamba sukari imekwisha, ni kazi inayomaliza mwili.

"Usiku silali," alisema Ndalahwa, miguu ndani ya beseni. "Nageuka huku, nageuka kule."

Cleophace alimbonyeza bega, akabonyeza tena. "Ndugu meneja, huu si uchovu wa kawaida. Huu ni uchovu wa uongozi. Umeshaingia kwenye mifupa."

"Unatibika?"

"Unatibika. Ila mchango wake si wa kilo."

Basi magunia yakaanza kuja, moja baada ya jingine, yenye mhuri wa duka la ushirika ubavuni, yakapangwa nyuma ya pazia. Ndalahwa akachuliwa mpaka akang'aa. Sukari ambayo akina Leonsia waliipangia mawe barabarani ilikuwa imelala hatua chache kutoka walipolala wenyewe.

Alasiri moja upepo wa ziwani uliingia dirishani na kulipeperusha pazia. Magunia yakaonekana yote, na mihuri yake. Cleophace aliruka, akalivuta, akaliwekea tofali, kisha akamgeukia Leonsia, aliyekuwa peke yake mkekani. Macho yake yalikuwa yamefumba. Kwa Cleophace, macho yaliyofumba na usingizi vilikuwa kitu kimoja.

Wiki hiyo redio ilianza kutangaza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Mji mzima ulizungumza kwa kunong'ona. Ilisemekana huko Ilemela mtu alitupa mabati ziwani, na mwingine alimwaga unga chooni. Lori la Shinyanga halikuja. Mwenye lori alituma neno kwamba mke wake anaumwa, na asiulizwe tena. Cleophace aliendelea kuchua watu, lakini kila gari lililopita lilimfanya asimamishe mikono.

Ndipo Leonsia akaja, mtulivu, akavua viatu na kutia miguu kwenye beseni.

"Leo nichue vizuri, Mtaalamu," alisema. "Sijui kesho kama tutapata nafasi."

"Kuna nini kesho?"

"Hao wakaguzi. Wanaanza na Mabatini."

Mikono ya Cleophace ilibaki begani kwake. "Nani kasema?"

"Wameomba darasa langu liwe ofisi yao. Jana walikuja kutazama kama madawati yanatosha kuwakalisha watuhumiwa. Niliwaambia ni madawati ya watoto wadogo. Wakasema mhujumu atajikunja." Akageuza shingo kidogo. "Mbona mikono imekuwa ya baridi? Ndiyo mtindo wa Bulgaria?"

Cleophace akazunguka, akachuchumaa mbele ya beseni. Kwa mara ya kwanza tangu afungue kituo, yeye alikuwa chini na mteja juu.

"Mwalimu, mimi nina akiba kidogo humu ndani. Ya kituo. Wewe ni mtu wa kuheshimika. Ungenihifadhia."

"Mimi mtumishi wa umma, Mtaalamu. Nikikutwa na magunia watoto wangu nitawaacha na nani?"

Neno magunia lilipita sikioni mwa Cleophace bila kusimama. Alikuwa na hofu nyingi mno za kuangalia.

"Sasa nifanye nini?"

Leonsia alifikiri, au alifumba macho. "Mtu mwenye magunia ni mlanguzi. Mtu mwenye kilo mbili tatu ni mama wa nyumbani. Ningekuwa wewe, ningegawa nyumba kwa nyumba, kila aliyechanga apate chake na cha juu. Wakija hawakuti kitu."

"Waje wachukue basi. Hata sasa hivi."

"Wabebe?" Leonsia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulitukataza kubeba."

Cleophace alikimbilia kwanza dukani, kumrudishia Ndalahwa mzigo wake. Meneja alimpokea kwenye mlango wa mbele na kumtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Sukari? Sukari gani, ndugu? Duka hili halina sukari, uliza yeyote. Na wewe sikujui."

"Asubuhi nimekuchua kiuno."

"Mimi kiuno changu hakijawahi kuguswa," alisema Ndalahwa, akafunga mlango.

Basi mtaalamu akaazima mkokoteni. Mabatini ni mawe juu ya mawe, na nyumba zimekaa humo kama mbuzi waliopanda wenyewe. Mkokoteni unafika mahali unagoma, na kutoka hapo ni mabega ya mtu. Cleophace alibeba. Alibeba sukari, akabeba sabuni, akabeba mafuta yaliyomwagikia kwenye suti. Kichwani alikumbuka kila mtu alitoa nini, maana huo ndio uliokuwa mtaji wake maisha yote, na kila mlango aliofika alimkuta mama amekaa, miguu juu ya kigoda, wala haondoki.

"Weka pale," walisema. "Hapana, ndani kabisa, juu ya lile sanduku. Polepole, usijeumia mgongo."

Wengine walikataa. Walisema wanaogopa, hawataki vya walanguzi nyumbani kwao, na Cleophace akawabembeleza wachukue, akawabembeleza wachukue zaidi, akaapa kwa marehemu mama yake kwamba ni vyao. Mmoja alikubali baada ya kupasuliwa kuni. Mhoja alipokea sukari, akaionja kwa kidole, akasema sabuni yake ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoletewa, arudi akaitafute.

"Mama Mhoja, nakuomba. Nimechoka."

"Pore," alisema Mhoja. "Umejitunza rakini?"

Jua lilipokaribia kuzama ziwani, nyuma ya pazia la kaniki hapakuwa na kitu ila ukuta. Leonsia alikuja kupokea ufunguo, ili wakaguzi wakifika wasivunje mlango wa watu. Cleophace alimpa, akamshukuru kwa machozi. Alimwambia kwamba mwalimu kama yeye hajawahi kumwona, na katika hilo alisema ukweli mtupu.

Asubuhi aliteremka kuelekea gatini na kibegi chake, amepinda kama ndoano. Alipita mbele ya kituo. Mlango ulikuwa wazi, na Josephat, aliyetoka zamu muda si mrefu, amekaa kizingitini na kundi la watoto, wa kwake na wa majirani, akimlisha mmoja uji.

"Mama zao wako wapi?" aliuliza Cleophace.

"Wamelala humo ndani. Asubuhi nalea mimi, jioni wao. Tumepangiana zamu."

"Siku ya ukaguzi wanalala?"

Josephat alimtazama kwa macho mekundu ya mtu wa zamu ya usiku. "Ukaguzi upi?" aliuliza, lakini mtoto alipaliwa na uji, na Cleophace hakuwa na muda wa kusubiri. Alijisemea kwamba watu hawa ni mashujaa, akaongeza mwendo.

Chini, nje ya duka la ushirika, aliona jambo jingine la ajabu. Ndalahwa alikuwa akiuza sukari kwa mlango wa mbele, jasho linamtoka, akimhimiza kila anayepita anunue na aondoke nayo upesi.

Feri ya Ukerewe ilikuwa na watu wa kawaida. Cleophace alipata benchi, akajishusha juu yake kwa vipande, kwanza nyonga, kisha mgongo, kisha shingo. Kando yake alikaa mama kijana mwenye mtoto mchanga na mizigo mingi.

"Shikamoo, baba," alisema yule mama.

Cleophace hakuwa amewahi kuitwa baba na mtu mzima. "Marahaba," alijibu kwa taabu.

"Mimi Dorotea, nakwenda Nansio kwa mama. Naomba unishikie huyu mara moja nikaze mizigo."

Akampa mtoto kabla hajajibu. Alipomaliza kamba za mizigo alikaa, akashusha pumzi ndefu, wala hakunyoosha mikono kumchukua. Feri ikang'oa nanga. Cleophace, kwa kutaka kujua amenusurika kiasi gani, akauliza:

"Huko mjini naona msako umepamba moto. Mabatini watakuwa wamekwisha kuipekua yote."

"Mabatini? Hawajaenda Mabatini. Mume wangu ni mgambo, yuko nao. Mabatini wangekwenda kutafuta nini, baba, nako kila siku wanapanga mawe?"

"Wamechukua darasa shuleni. La pili. Wamepima madawati."

"Shule gani hiyo," alisema Dorotea, akapiga mwayo. "Wao wana hema lao..." na sentensi ikamfia mdomoni. Kichwa chake kikalalia bega la Cleophace, bega lilelile lililobeba magunia.

Cleophace alikaa. Maji yalipita, miamba ya Mwanza ikawa midogo nyuma. Aliuona uso wa Leonsia juu ya beseni, mtulivu kabisa, akizungumzia madawati. Aliwaona kina mama milangoni na miguu yao juu ya vigoda, mmoja baada ya mwingine, hakuna hata mmoja aliyecheka. Kwanza alijisikia kama fundi seremala anayetazama meza iliyotengenezwa na mwenzake na kukosa mahali pa kuitia kasoro. Yale madawati, hasa. Yeye asingefikiria madawati.

Kisha hasira ikaja, kubwa, akataka kusimama, akamwambie nahodha ageuze chombo. Mtoto alikunja uso. Cleophace akajituliza palepale, akaanza kumpigapiga mgongoni. Kila alipojaribu kusogea, mtoto alikunja uso, na mama yake akaguna usingizini kwa namna ambayo hata tapeli asingethubutu kuikatiza. Mikono ilikufa ganzi. Karibu na Nansio kitu cha moto kilimteremka polepole kwenye mapaja, kikapitiliza suti ya Kaunda hadi kwenye benchi.

Feri ilipogonga gati, Dorotea alizinduka na kutazama huku na huku kama mtu aliyerudi kutoka mbali.

"Nimelala," alisema kwa mshangao. "Tangu nijifungue sijalala hivi. Una mkono mzuri, baba."

Cleophace alimtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika kweli, umelegea, umekuwa wa msichana. Na pamoja na mgongo, na ganzi, na suruali iliyolowa, kitu kidogo ndani yake kilisimama na kunyoosha kola.

"Huku Nansio," aliuliza kwa sauti yake ya zamani, "kina mama wengi wamechoka hivi?"

"Wote. Dada zangu hali zao ni mbaya kuliko yangu. Watatu, na kila mmoja ana wa kunyonya."

"Hakuna anayewasaidia?"

"Nani atawasaidia?" Dorotea alijitwika mzigo mmoja kichwani, mwingine akaukamata mkononi, akatangulia kwenye ubao wa kushukia. Hakugeuka hata kuangalia kama anafuatwa. "Njoo naye tu, baba, si mbali. Wamekuja kunipokea, wale pale."

Cleophace alitazama gatini. Wanawake watatu walikuwa wamesimama juani, kila mmoja na mtoto begani, na wote walikuwa wanaiangalia mikono yake.